Mwalimu Aliyeteremsha Mlima hadi Baraka

Mwalimu wetu wa mbio hakupenda watu wakimbie. Najua jambo hilo linavyosikika, lakini nilisoma kwake miaka sita, mwanzo pale Fizi, juu milimani, na kwa miaka sita nilimsikia akipaza neno moja tu nyuma yetu: "Polepole!" Shule nyingine filimbi huanzisha mbio. Yetu ilizizuia. Ukizidisha mwendo, filimbi inalia, unasimama, unamsubiri mwenzako wa nyuma, na ukisubiri kwa kukunja uso unasubiri mara mbili.

Yeye mwenyewe alikimbia nyuma. Si nyuma kidogo. Nyuma kabisa, baada ya yule wa mwisho, na kwa kuwa wa mwisho nilikuwa mimi tangu mwaka wa kwanza hadi wa sita, nadhani ukimwondoa mke wake hakuna mtu aliyezisikiliza pumzi za mwalimu yule kuliko mimi. Aliniita Wa Mwisho, tena kwa sauti ya kutaja cheo. Leo nina duka langu la kushona nguo hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, wateja wananiita mama, watoto wangu wamenipita urefu, lakini bado kuna watu wawili watatu wakipita na pikipiki wanaita, "Wa Mwisho, habari?" Sikasiriki. Wengine walipewa majina mabaya zaidi na watu wasiowapenda.

Alivaa tai na mabuti ya mvua. Tai kwa sababu mwalimu ni mwalimu, mabuti kwa sababu ya matope, na hakuona kwa nini mtu achague kimoja. Tai aliivua mahali pamoja tu, juu ya kilele tulichokiita Jiwe, akaikunja mfukoni, akafungua kifungo cha shati na kutazama mbali. Nilimuuliza kwa nini pale. Akaniambia ni kwa sababu inspekta wa shule hawezi kufika.

Sasa nieleze mbio zenyewe, maana bila hizo huyu mtu haeleweki. Zilikuwa duara. Tulianzia kwenye mlingoti wa bendera mbele ya shule, tukashuka kijitoni, tukapanda kuingia pori la miyombo, tukatokea kwenye uwanda wa majani ambako hakuna mti hata mmoja na ukungu hulala mpaka saa nne. Mwisho wa uwanda kuna Jiwe. Ni kilele cha mawe matupu, mtu anapanda kwa mikono na magoti. Ukisimama juu yake na kugeuka kushoto unayaona mashamba ya Lubondja, mbali, chini. Halafu tulishuka upande wa pili, tukapita migombani, tukarudi mlingotini. Kwa mtu mwenye mapafu ni nusu siku. Kwangu ilikuwa siku nzima na sehemu ya jioni.

Kurudi kwa njia uliyoendea alikukataza kabisa. Mwaka wangu wa pili, kijana mmoja wa darasa letu aliteguka mguu hata kabla hatujafika kijitoni. Shule ilikuwa inaonekana. Mama yake, aliyekuwa anafua pale, alikuwa anaonekana. Tulitaka kumrudisha. Mwalimu akasema mbio zimeshaanza, na mbio ni duara, kwa hiyo njia ya kumrudisha ni mbele. Tukakata miti miwili, tukafunga kitenge cha mama mtu, tukambeba kijana yule kwa zamu kupitia porini, uwandani, mpaka chini ya Jiwe, ambako mwalimu alimruhusu asipande ila alipapase kwa mkono, kisha tukashuka naye upande wa pili. Tulipofika mlingotini jioni mguu ulikuwa umepoa na alishuka kwenye machela akatembea mwenyewe. Mama yake alimfokea mwalimu kwa Kibembe kwa muda mrefu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mwanawe ameshika nafasi ya nne.

Nafasi hizo nazo zilikuwa na utaratibu wake. Aliyetangulia kufika hakuwa mshindi. Ukifika, unasimama mbele ya mlingoti, na mwalimu akishafika, maana alikuwa wa mwisho na wote mlimsubiri, anaanza kuuliza. Umevuka maji mara ngapi? Baada ya mti uliopigwa radi njia inaelekea wapi? Jiwe linapandwa kwa upande gani mvua ikiwa imenyesha? Anayejibu vizuri ndiye wa kwanza. Kuna mwanafunzi aliyekariri majibu yote kutoka kwa kaka yake na kulala migombani siku nzima. Akajibu kila kitu bila kukosea. Mwalimu akamtazama, akamuuliza maji ya kijito cha pili yana ladha gani. Akajibu, ya maji. Mwalimu alifikiri sana, kisha akampa nusu ya alama.

Kwa utaratibu huo mtaona wenyewe kilichofuata. Kila mwaka tulizidi kwenda polepole. Watu walisimama kukagua magome ya miti. Watu walilala kifudifudi kuhesabu vichuguu. Mwaka mmoja saa kumi na moja jioni ilitukuta bado tuko uwandani, na wazazi walipopanda kututafuta walikuta watoto arobaini wamelala kwenye majani wakigombana kama kichuguu kimoja chenye vichwa viwili kihesabiwe mara moja au mbili, na mwalimu amekaa katikati yao na tai yake akiwa mwamuzi. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, alimwita ofisini kesho yake. Tulisikia baadaye kwamba mwalimu aliomba siku ile iandikwe kwenye vitabu vya shule kuwa ndiyo mbio bora kuliko zote.

Tulimcheka, tena sana. Nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanamwigiza anavyokimbia na mabuti. Lakini kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, mimi niliambiwa sababu. Siku hiyo tulikuwa wawili tu nyuma, wenzetu wametangulia mbele porini tunawasikia wakicheka, nami nilikuwa nimekaa juu ya mzizi nikikataa kuendelea. Hakunibembeleza. Alisema njia hii haina serikali. Barabara kubwa ina serikali, ikiharibika kuna mtu wa kulaumiwa. Hii ina miguu yetu basi, na ikiachwa misimu miwili ya mvua majani yanaimeza. Ilikuwa njia ya mashamba yetu ya juu na ya makaburi yetu, na ndiyo njia watu waliyoitegemea kila barabara ilipofungwa.

"Siku moja tutakimbia hapa, mutoto yangu," aliniambia. "Na siku tutarudia, nani atajua pa kukanyaga?"

Niliinuka kwenye ule mzizi. Sikuelewa vizuri, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini niliona kwamba mtu mzima anaogopa, na hilo linamwinua mtoto haraka kuliko fimbo.

Kukimbia kwenyewe kulikuja. Sitaeleza nani aliwafukuza nani, kila nyumba ina maelezo yake na yote yana wafu ndani. Nitaeleza tu nilichokiona barabarani kwenda Baraka. Watu walibeba magodoro, masufuria, mbuzi, redio. Mwalimu wetu wa mbio alibeba mfuko wa chokaa. Chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja, mfuko mzima, kichwani, na tai shingoni. Mke wake, mwanamke mrefu aliyekuwa anauza maandazi mbele ya shule, alitembea mbele yake hatua kumi na hakugeuka mpaka ziwa lilipoonekana. Alipogeuka alisema maneno ambayo Baraka nzima bado inayakumbuka.

"Nyumba imebaki. Kitanda imebaki. Sasa tutalala ku chokaa?"

Walilala juu ya mkeka wa kuazima kwa miezi, na mfuko wa chokaa ulikaa kwenye kona, pakavu kuliko pengine pote.

Jambo moja lilitushangaza kuhusu maisha yake ya Baraka. Mtu huyu aliyejua kila mzizi wa mlima alikuwa anapotea mjini kila siku. Kutoka sokoni hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi, moja kwa moja, lakini kwa kuwa hakutaka kurudi kwa njia aliyoendea, alizunguka, na akizunguka alitokea bandarini, au kwenye uwanja wa msikiti, au sebuleni kwa watu. Watu wa pikipiki walimzoea. Walimpakia bila kumuuliza, wakamfikisha kwa mke wake. Yeye aliwashukuru na kuwaambia kwamba njia waliyotumia haikuwa mbaya.

Shule yetu ilipewa hifadhi kwenye kiwanja cha shule nyingine karibu na ziwa, sisi tukisoma mchana, wenyeji asubuhi. Nilikuwa mwaka wa mwisho. Wiki ya pili mwalimu alifungua mfuko wa chokaa na kuanza kuchora. Tulidhani anachora uwanja wa mpira. Alikuwa anachora mlima.

Kijito kilikuwa mistari miwili, unaruka. Pori lilikuwa mianzi ishirini na miwili iliyosimikwa ardhini, kila mmoja na kikaratasi cha jina la mti na alama yake: huyu amepigwa radi, huyu ana nyuki, huyu ni muyombo mkubwa kuliko wote. Usiku wa kwanza mbuzi walikula vikaratasi vyote, na kesho yake tulikimbia katika pori lisilo na majina mpaka yakaandikwa upya kwa mkaa. Uwanda ulikuwa kiwanja kitupu cha mchanga, saa nane mchana, jua la Baraka mnalijua. Pale mwalimu aliamuru kila mtu avae sweta. Uwandani kuna baridi, alisema, na mtoto asiyezoea kuvaa sweta mahali hapo siku moja atasahau na atakufa. Tulivaa. Wasiokuwa na sweta walijifunga shuka. Binti mmoja alizimia, akapelekwa zahanati, na muuguzi alipouliza kilichompata wenzake walijibu kwa ukweli wao wote kwamba ni baridi ya mlimani. Muuguzi alikuja shuleni mwenyewe. Mwalimu alimpokea vizuri, akamwonyesha uwanda, akamshauri naye siku nyingine asije hivi hivi bila nguo nzito.

Baada ya pori, kabla ya uwanda, kulikuwa na mama anayeanika ndagala, vidagaa vya ziwani, kwenye mchanga. Alikuwa pale kabla yetu na hakuwa na nia ya kuhama. Duara ilibidi ipinde: hatua tatu pana kwenda kushoto, na kila anayepita anasema, "Pardon mama," kwa sababu asiyesema alitupiwa fimbo. Mwalimu aliona aibu kidogo juu ya mpindo ule. Alikuwa anatukumbusha kila mara kwamba mlimani ndagala haziko.

Na Jiwe lilikuwa boti. Boti kubwa ya mbao, imepinduliwa ufukweni, imekauka, mwenyewe hajaigusa kwa muda mrefu. Tuliipanda kwa mikono na magoti, tukasimama juu ya mgongo wake, tukageuka kushoto, tukaitazama Lubondja. Mwenye boti alikuwa mzee wa pale pwani, mtu wa msikitini, mtaratibu. Alituvumilia wiki tatu. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alikuja na kofia yake akasimama mbele ya mwalimu.

"Prof, mi naomba kujua kitu kimoja. Batoto yako banapanda ku boti yangu na banasema banaona Lubondja. Banaiona namna gani?"

"Banageuka kushoto, mzee," mwalimu alijibu. "Ukigeuka kuume utaona ziwa."

Mzee alivua viatu. Akapanda, taratibu, akasimama juu na kugeuka kushoto. Alikaa pale muda mrefu. Aliposhuka alipangusa mikono na kusema leo kuna ukungu. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa boti ile isipokuwa sisi. Aliwafukuza hata wajukuu wake kwa kuwauliza kama wametokea porini.

Lakini boti ni boti. Msimu ulipokuwa mzuri wanawe waliikarabati, wakaipaka lami, wakaishusha majini, na siku ya mbio tulifika mwisho wa uwanda na sweta zetu tukakuta mlima umekwenda kuvua. Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alitazama pale mchangani palipobaki alama ya boti, akavua tai na kuivaa tena, akaahirisha mbio mpaka mlima urudi. Mzee alikuja kuomba radhi kwa ajili ya wanawe. Walizungumza kwa upole, kama watu waliofiwa, na wakapatana: boti itavua siku tano, na siku ya sita itapinduliwa iwe Jiwe. Makubaliano hayo yaliheshimiwa miaka yote. Mimi nilimaliza shule, nikaolewa, nikaanza kushona, binti yangu akazaliwa, akakua, akaingia shule ileile, na siku ya sita ya juma alikuwa anarudi nyumbani ananuka lami na ananiambia leo Lubondja ilionekana vizuri.

Alizaliwa Baraka. Hakuwahi kufika Fizi. Na alikuwa anajua mti wenye nyuki uko wapi.

Ndiyo maana njia ilipofunguka, na wakubwa waliposema mtu anaweza kupanda, prefe alikubali mbio zifanyike kule kwenyewe, mara moja tu, tuone. Tulipanda kwa lori la mihogo, wanafunzi thelathini na baadhi yetu wazazi. Mwalimu alipandishwa mbele karibu na dereva, kwa sababu goti lake lilikuwa limekwisha kabisa. Pale shuleni kuta zilikuwepo, mabati hayakuwepo, mlingoti haukuwepo. Tukamwekea kiti mahali mlingoti ulipokuwa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa siku ya mbio. Alinishika mkono.

"Wa Mwisho, leo nyuma iko yako. Barudi bote. Kwa upande ya pili."

Wazazi wengine walibaki na mwalimu, nasi tukashuka kijitoni. Watoto waliruka maji kwa urefu uleule wa mistari ya chokaa, na kwa kuwa kijito ni kipana zaidi, wote walitumbukia, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejirekebisha kwa kumwona mwenzake. Tukapanda. Na pori halikuwepo.

Sijui nilitegemea nini. Kulikuwa na mihogo. Mihogo mizuri, imepandwa kwa mistari, na katikati ya mistari visiki vyeusi, na mashimo ya zamani ya kuchomea makala, yaani mkaa. Watoto walisimama. Binti yangu aligeuka kunitazama, akauliza pori iko wapi. Nilikuwa nalilia mzizi wangu. Ndipo msichana mmoja mwenye miguu mirefu, wa mbele kabisa, aliponyosha mkono.

"Iko hapa. Muti ya kwanza, kuume."

Akaupita mti usiokuwepo kwa kuume. Wa pili kushoto. Wa tatu, uliopigwa radi, wakauzunguka. Watoto thelathini walikwenda wakipinda huku na kule katikati ya mihogo, miti ishirini na miwili, na penye nyuki waliinama. Mkulima aliyekuwa akipalilia aliacha jembe na kusogea kwangu pole pole, kama mtu anayeogopa kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza. Aliuliza watoto wanakwepa nini. Nikamwambia, miti. Akaniambia ilikwisha siku nyingi. Nikamwambia najua. Alinitazama nikipinda, nami nilikuwa mnene kuliko siku zile, na alinipisha.

Tulipotoka kwenye mihogo watoto wote walikwenda hatua tatu pana kushoto. "Pardon mama," walisema, mmoja mmoja, kwa majani. Niliyejua kwamba pale hapajawahi kuwa na ndagala tangu dunia iumbwe nilikuwa mimi peke yangu, na nilipofika nilikwenda hatua tatu kushoto, nikaomba radhi. Uwandani walivaa sweta bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwao hawakutoka jasho. Walitazamana kwa mshangao mkubwa. Juu ya Jiwe walisimama wamepanua miguu, kisha mmoja akalalamika kwamba mlima huu hautikisiki. Wakageuka kushoto. Lubondja ilikuwepo.

Kwenye migomba ya kushukia niliwakusanya. Niliwaambia Prof asipate habari ya pori. Ni mzee, goti limemwisha, ameubeba mlima huu kichwani miaka yote hii, na hatutakuja kumwambia leo kwamba nusu yake imegeuka moshi. Walikubali bila mjadala. Tulimkuta kwenye kiti akiwa ametazama upande ule tuliotakiwa kutokea, na alipotuhesabu na kukuta tumetimia alilia mbele ya watu, hakujificha. Kisha akaanza kuuliza. Watoto walimpa pori zima: majani, magome, kivuli. Mmoja akaongeza nyani. Mwalimu akauliza wangapi. Saba, alijibu yule mtoto, na mwalimu akaandika saba.

Nilipomwona tena ilikuwa miezi mingi baadaye, nyumbani kwake hapa Baraka. Alikuwa hatoki kitandani. Nilimpelekea machungwa na shuka niliyomshonea. Mke wake alikuwa uani anakanda unga wa maandazi, akaniambia niingie, yuko macho, na nisimchoshe. Nilikaa kwenye kigoda. Aliniuliza habari za duka, za binti, kisha akaniuliza, huku ametazama bati, pori nililiona namna gani.

Nikasema liko vizuri.

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimwinue. Alipopata pumzi alielekeza kidole mlangoni, kwenye mbabula, jiko la mkaa la mke wake lililokuwa linawaka nje.

"Ile pori mi nimeipikia maharagi miaka mine," alisema. "Mama ananunua makala ya Fizi. Muyombo mi naujua hata ukiwa mweusi."

Aliyajua yote. Gunia baada ya gunia, alikuwa akiliona pori lake likishushwa kwa malori na kuuzwa sokoni, akilala na joto lake, akinywa chai yake, na kila siku ya sita anakwenda kusimika mianzi ishirini na miwili. Nililia. Nilimwomba anisamehe kwa kumdanganya, na kwa nyani. Akasema nyani walikuwa wazuri. Kitu kingine ndicho kilichokuwa kinamkosesha usingizi, na alitaka nimjibu kweli: muyombo mkubwa, watoto waliuzunguka upande gani?

Nilifikiri, nikamwambia kushoto.

Alifumba macho kama mtu aliyechomwa. Akaniambia ni kosa lake. Kule shuleni ule mwanzi alikuwa ameusimika karibu mno na ukuta wa choo, kuume hakukupitika, akawaacha wapite kushoto, akisema atarekebisha, na hakurekebisha. Kizazi kizima kimejifunza kushoto. Kushoto kuna mizizi, mtoto ataanguka. Nilitaka kumwambia mizizi imeng'olewa, mti wenyewe tumeunywea chai, lakini alikuwa ameshainuka kwa kiwiko na ananiamuru nivute bidoni, lile dumu la maji, katikati ya chumba.

"Ile njo muti. Pita."

Nikapita. Akasema nimeukaribia mno. Nikapita tena kwa kuume, nimeshika sketi, katikati ya kitanda na masufuria, mimi mama wa watoto wanne. Mara ya tatu alisema mguu wa kwanza uwe wa kushoto. Mke wake aliingia na unga mikononi, akatutazama wote wawili, akachukua alichokifuata kabatini, na wakati wa kutoka nilimwona akiipita bidoni kwa kuume. Mara ya tano mwalimu alilaza kichwa. Nilimpenda sana mtu yule. Sikumwambia, na wiki ile hakuimaliza.

Baada ya matanga nilichukua pikipiki mpaka Fizi, nikapanda kwa miguu kutoka kijitoni. Yule mkulima alikuwepo, akanitambua kwa mbali na kuegemea jembe lake. Nilimsalimu, nikamwomba ruhusa: watoto watarudi muhula ujao, na kuna mti mmoja hapa wanatakiwa waupite kwa kuume, si kwa kushoto. Akauliza ni upi. Nikamwonyesha. Alipatazama pale, hapakuwa na kitu, kisha akainama akang'oa mashina matatu ya mihogo ili njia ipatikane.